Hodi kwenye Mlango Mwekundu

Johannesburg, 3 Februari 2025

Dada Fauzia,

Assalaam alaykum. Burhani anaondoka na basi la kesho na amekubali kuibeba karatasi hii katikati ya nguo zake, kwa hiyo ukiiona imekunjamana, mlaumu yeye. Simu yangu imeporwa kwenye robot, yaani taa za barabarani, mchana kweupe, dirisha la teksi likiwa wazi kwa ajili ya joto. Msomee Mama akiwa ameshakaa vizuri, na usimsomee mbiombio kama mtu anayesoma bili ya maji.

Mama, shikamoo. Tumehama Joubert Park. Mimi na Mayasa sasa tunakaa kwenye nyumba ya Kichina! Ni ya matofali, ghorofa moja, karibu na Newtown, mtaa ambao Wachina wa zamani walikuwa na maduka yao. Aliijenga babu yake mwenye nyumba, Bibi Leong. Chini lilikuwa duka la chai na mchele, juu vyumba vya kulala, na katikati kuna uwanja usio na paa, mvua ikinyesha inanyesha ndani ya nyumba. Ungefurahi, ungesema hii ni nyumba ya watu wa pwani waliopotea njia. Mlango ni mwekundu, wa mbao mbili, na kizingiti chake kiko juu mno. Siku ya kwanza mjukuu wako aliingia mbio akaanguka kifudifudi. Bibi Leong akasema ndiyo kazi yake, kuwazuia mashetani, maana hawajui kunyanyua miguu. Nikamwambia mashetani wa Tanga wanapita dirishani. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Watoto wake wako ng'ambo, walitaka iuzwe iwe ghala. Jumuiya ya watu wa majumba ya kale walitaka iwe makumbusho, iwekwe kamba na vibao vya usiguse. Bibi Leong akakataa yote mawili. Akawaambia yeye si sahani ya kabatini. Anataka nyumba ikaliwe, watu wapike ndani yake, wapige kelele. Basi mimi napika na kuuza chakula pale palipokuwa duka. Thérèse, Mkongo wa Lubumbashi, anasuka nywele kwenye iliyokuwa stoo ya chai. Jumamosi wanakuja wazee wa Kichina, wanacheza vigae vyao kama dhumna na kuwafundisha watoto kuandika kwa brashi. Wageni wanakuja kuangalia nyumba na wanaondoka wameshiba. Mwenyewe Bibi Leong ananifundisha maandazi yao ya mvuke, na analalamika kwamba natia karafuu kila mahali.

Sharti lake kwangu ni moja. Kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama mlango usifungwe, na kila anayeita ajibiwe. Anasema nyumba isiyojibu imekufa hata ukiipaka rangi. Kwa hiyo nimemfundisha hodi na karibu. Sasa anamkaribisha hata mtu wa umeme anayekuja kukata.

Dada, kuanzia hapa usimsomee Mama.

Sikuhama Joubert Park kwa kupenda. Kuna watu wanapita kwa makundi wakisema wageni tuondoke. Waliingia ghorofa la jirani yetu, nikaona magodoro yanatupwa kutoka juu. Hapa nilidhani pametulia. Lakini wiki hii kuna mtu anapiga hodi mlangoni. Najibu karibu, natoka, simwoni mtu. Barabara tupu, makaratasi tu yanapeperuka. Thérèse anaapa si yeye. Sasa niambie, katika mji huu mzima nani anapiga hodi? Naogopa, Dada, na siwezi kumwambia mtu hapa kwamba naogopa neno la kwetu.

Mdogo wako,
Najma


Tanga, 19 Februari 2025

Mdogo wangu Najma,

Wa alaykum salaam. Mama nimemsomea polepole, nimerudia mara mbili ile habari ya kizingiti. Amecheka, kisha ameuliza Mayasa aliumia wapi, na huyo Bibi anakula mchele gani, na kwa nini hukusema unasali wapi. Mguu unamsumbua na homa inakuja na kuondoka. Usijali, tunamsugua.

Ile sehemu yako ya pili nimeisoma nimejifungia chooni.

Najma, we mtoto una akili kweli? Nyumba ya kale, ina wahenga wa watu, na bila shaka wanachoma vijiti vya udi mbele ya majina ya wafu wao. Wewe unakwenda kulala humo kisha unaniuliza nani anapiga hodi! Huyo si mtu. Mtu akikaribishwa anaingia. Umesahau tulivyofundishwa? Sauti ambayo mwenyewe humwoni haijibiwi. Ikiwa ngeni usijibu. Ikiwa unaijua ndiyo usijibu kabisa, maana hao wanaazima sauti za ndugu. Hata ukisikia ni mimi Fauzia nakuita, kaa kimya mpaka umeiona miguu yangu. Mimi niko Tanga, sina nauli ya kuja kukusumbua.

Burhani anakuletea ubani. Fukiza kila pembe na usimwonee haya huyo Bibi, mbona yeye anachoma vyake.

Na hao wa makundi, hapo naogopa zaidi yako. Kaa ndani.

Dada yako,
Fauzia


Johannesburg, 10 Machi 2025

Dada Fauzia,

Ramadhani karim. Mama, Bibi Leong anafuturu nasi. Hafungi, ila anasubiri magharibi kwa adabu zote huku akilitazama sinia kama paka. Juzi nimepika maandazi yao ya mvuke nikayatia nazi na iliki. Akasema nimeharibu chakula cha babu yake, kisha akala mpaka akafungua kifungo. Mayasa anafunga nusu siku. Anakuombea dua mguu wako, kwa Kizulu, lakini nimemwambia inafika.

Usimsomee Mama kuanzia hapa.

Dada, laiti angekuwa jini. Nilifukiza ubani wako wote, Bibi Leong akashuka akidhani nyumba inaungua, akasema harufu ni nzuri kuliko ya vijiti vyake. Kesho yake, kabla ya alasiri, nilikuwa nakanda unga, mikono yote ndani ya beseni. Nikasikia, "Hodi!" Dada, mdomo ulijibu kabla yangu. Umejibu hodi tangu unajifunza kutembea, utauzuiaje? Nikasema karibu, kwa sauti ile ile ya nyumbani, ya kuvuta mwisho. Nikainua macho. Vijana wamesimama nje ya kizingiti, mmoja ananipiga video. Akawageukia wenzake akasema, "Bakhona." Maana yake, wapo.

Wamejifunza neno letu, Dada. Wamelisikia sokoni wakagundua kwamba ukilisema mlangoni kwa Mtanzania au Mkongo, atajibu tu. Wanapita mlango hadi mlango wakipiga hodi. Anayejibu wanamtia alama. Yule niliyemkuta hayupo alikuwa ameshasikia alichokitaka, akaenda zake.

Walichora msalaba wa chaki kwenye mlango mwekundu. Bibi Leong alishuka na kitambaa cha jikoni akawatukana kwa Kiafrikana, akaufuta mbele yao. Wakamwambia naye arudi China. Maskini, hajawahi hata kuiona China, amezaliwa kwenye chumba kilicho juu ya kichwa changu ninapoandika. Akapanda ngazi akiwa bado amekishika kile kitambaa chenye chaki.

Siku ya pili yake wakamtoa fundi cherehani wa jengo la mkabala, Mkongo mmoja mpole, Pacifique. Naye alijibu hodi. Nilimwona akiburutwa na sentimita yake ya kupimia nguo bado iko shingoni. Cherehani ilirushwa kutoka ghorofani. Mpaka leo hatujui yuko wapi, na Thérèse hatamki jina lake.

Nikamwambia Bibi Leong tufunge mlango. Akakataa. Nikalia, nikamwonyesha Mayasa. Ndipo akalisukuma komeo mwenyewe. Tangu siku hiyo tumefunga. Wazee wa Jumamosi hawaji. Watu wa jumuiya walifika wakakuta giza, wakasema nyumba iliyofungwa si urithi ulio hai, na ikibaki hivi watoto wa Bibi Leong wataiuza. Basi tukiufungua tutatolewa, na tukiufunga tutatolewa. Sijui nifanye nini na usingizi siupati.

Najma


Tanga, 4 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi imepita kimya. Hatukupika sana.

Barua yako ilifika, nimeisoma. Pole, Najma. Pole sana. Sina la kukufundisha kuhusu hao watu, mimi najua majini tu.

Mama, mguu haumsumbui tena. Homa nayo imekwisha. Usiwe na wasiwasi.

Nikuulize. Huyo Thérèse ni mtu wa kukaa nawe ukiwa na shida? Ni mtu wa kukushika mkono? Na hapo kwenu pana pa kulala mgeni, hata mkeka tu? Nauliza tu, usianze kunihoji. Na Duni wa kwa Mzee Vuai, yule jirani yetu wa hapa Tanga, bado yuko Joubert Park, au amehama?

Safari ijayo usiandike sehemu mbili. Niandikie mimi peke yangu.

Ule vizuri.

Fauzia


Johannesburg, 22 Aprili 2025

Dada Fauzia,

Barua yako imenitia baridi. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta ulikoficha utani. Mama amenikasirikia? Umemsomea zile sehemu, sivyo? Sasa hataki hata kusikia jina langu. Mwambie Desemba nitakuja, Inshallah, nikiwa na Mayasa, na Mayasa atamwamkia kwa Kiswahili kizuri, tunafanya mazoezi. Na namshukuru Mungu mguu umepona. Ulipoandika hivyo nilisujudu hapo hapo jikoni.

Duni yupo, ghorofa lile lile. Thérèse ni mtu, ndiyo. Kwa nini unaniuliza mambo kama haya?

Sikiliza tunavyoishi. Hodi haijibiwi tena humu ndani, na mtu yeyote. Thérèse akirudi anagonga bomba la maji kwa sarafu, ndipo namfungulia. Akisahau akapiga hodi, anabaki nje, tumekubaliana. Nimemzoeza Mayasa. Tukisikia sauti mlangoni tunakwenda chini ya ngazi, namziba mdomo kwa kiganja, naye ananiziba wangu. Maana mimi ndiye mwenye mdomo wa kujibu, Dada, mtoto hana tabia hiyo. Juzi walipiga hodi, nikausikia ulimi wangu unapanda wenyewe. Mayasa akanibana mpaka meno yakanikata.

Wanabadilisha sauti. Mara mwanamume, mara wametanguliza mwanamke, tena anaita kwa upole kama jirani aliyeishiwa na chumvi. Nilikuwa nakucheka kwa habari zako za majini kuazima sauti. Sasa sikucheki. Ulichoniambia ndicho ninachofuata. Hata nikisikia ni wewe.

Bibi Leong hatusemi vibaya. Anashuka asubuhi, anakaa kwenye kiti chake kuuelekea mlango uliofungwa, kisha anapanda. Jana alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Babu yangu aliogopa pia, lakini aliogopa huku mlango wake uko wazi." Eish, nilitamani anipige kuliko kuniambia vile.

Burhani anaondoka leo na barua hii. Nimemwambia asichelewe kukupa, nataka ujue hizi taratibu zetu.

Najma


Nje ya mlango wako, 5 Mei 2025

Najma,

Naandika nimekaa kwenye hiki kizingiti chenu, juu ya mkoba wa Duni. Naandikia gotini, utanisamehe mwandiko.

Nimekuja. Nimepanda mabasi mpaka miguu imejaa maji, sauti imenikauka kwa vumbi na kwa mengine. Burhani tumepishana naye njiani, kama alikuwa na barua yako sikuiona. Nikasema nitakayemkuta ni mdogo wangu, atanitengenezea chai.

Nimepiga hodi. Nikangoja. Nikapiga tena, nikasema ni mimi, Fauzia. Nikasikia mtoto anakohoa na mtu anamnyamazisha. Uko ndani. Nikapiga ya tatu, nikakuita kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelijua. Kimya. Kwetu ya tatu isipojibiwa mtu anaondoka, na wewe unajua.

Basi umeshasikia. Sijui nani ameniwahi kukuambia, nilimkataza kila mtu. Una haki ya kukasirika. Tulimzika Mama Ramadhani, siku moja baada ya barua yako ya maandazi ya nazi kufika. Alisikia ile sehemu yake yote, akasema nazi na iliki ndivyo inavyotakiwa, akalala. Hakuamka. Sikukuandikia kwa sababu habari kama hii haiandikwi, inapelekwa na mtu, akae nawe akushike. Nikaona una hofu ya kutosha, uko peke yako na mtoto, nitakutupiaje msiba kwenye karatasi? Ndiyo maana nimekuja, ili nikuambie kwa mdomo wangu. Najma, ningekushika.

Lakini hukunifungulia, na mimi siwezi kumlazimisha mfiwa. Duni ananivuta, anasema kuna vijana wamesimama kule kona na hapa si pa kukaa. Nitalala kwake. Basi la kurudi ni kesho asubuhi.

Nakusamehe. Nisamehe na wewe.

Dada yako


Ndani ya mlango huo huo, 5 Mei 2025

Dada yangu,

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilikuwa chini ya ngazi.

Nilikusikia mara zote tatu. Sauti ilikuwa yako, imekwaruza lakini ni yako, na ulipoliita lile jina nilitaka kufa. Nikajiambia wamefika mpaka huko, sasa wanalijua hata jina la utotoni. Mayasa alinibana mdomo, na mimi nikamshikilia mkono wake usiteleze. Baadaye sana ndipo akaenda akaiona karatasi imechomekwa kati ya mbao mbili. Akaniletea akasema, "Mama, majini wameandika."

Nimesoma nimesimama. Kisha Thérèse akaniinua kutoka chini. Alinishika kichwa, akasema, "Lia, mama. Lia, tuko hapa." Uliniuliza kama ni mtu wa kushika mkono. Ni mtu.

Bibi Leong ameshuka kwa kilio changu. Thérèse akamweleza. Akapanda tena, nikadhani amekwenda kujifungia kama sisi sote tunavyojifungia siku hizi. Akarudi na karatasi nyeupe, akaanza kuzibandika juu ya wekundu wa mlango, kwa ndani, akitumia ule unga wangu wa maandazi kama gundi. Akasema kwao nyumba ikiingia msiba wekundu hufunikwa, na mlango haufungwi, ili kila mwenye pole apite. Nikamwambia na kwetu haufungwi. Watu wanaingia tu, hakuna anayepiga hodi kwenye nyumba ya matanga. Tukatazamana. Kisha akaniuliza, "Sasa nani anaondoa komeo, mimi au wewe?"

Dada, naogopa. Sitaki ufikirie ujasiri umenishukia. Vijana bado wako kona, Thérèse amewachungulia. Mayasa ameng'ang'ania kanga yangu ninavyoandika. Lakini leo nimeona hofu yangu imefanya nini. Waliliiba neno letu na mimi nikawaachia, mpaka nikamfungia dada yangu nje na maiti ya mama yangu mdomoni mwake.

Komeo nimeliondoa mimi. Mbao zote mbili nimezisukuma wazi kwa nje, karatasi nyeupe zinaonekana mpaka barabarani. Nimeweka mkeka uwanjani. Wazee wawili wa Jumamosi wanaokaa mtaa wa nyuma wameona weupe, wamekuja bila kuuliza, wamekaa na Bibi Leong, hawajui hata nani amekufa. Nao wanaogopa, wanatazama mlango kama mimi. Lakini wamekaa.

Thérèse anakuletea hii mkononi. Analijua ghorofa la Duni, amesuka vichwa vya nusu ya watu wa pale. Amesema atapita kwa nyuma, na amesema kwa lugha yake, "Nitamuleta dada yako, hata nimubebe mugongo." Mwamini. Duni aje pia. Msije kwa njia ya kona.

Usipande basi kesho. Nimekaa kwenye kizingiti, pale ulipokaa wewe, ingawa tangu utoto unanigombeza kwamba mlangoni hapakaliwi. Kuna watu wanavuka barabara kuja huku, sijawajua bado ni akina nani.

Ukifika usipige hodi. Karibu nimeshaisema, kwa sauti, na mtaa mzima umesikia.

Najma